Elfu ya Kuongea

Watiri hajawahi kumpandishia mtu kodi. Hana ploti, hana hata kibanda cha mabati cha kukodisha. Kwa miaka kumi na saba amekuwa msimamizi wa ploti ya marehemu Kahiga pale Ruring'u, upande wa chini ya uwanja wa michezo: gorofa tatu, nyumba kumi na mbili, rangi ya kijani ambayo mvua za Nyeri zimeilamba mpaka imefifia kama sukuma wiki iliyosahauliwa jikoni. Yeye ndiye anayefagia ngazi, anayefungulia maji Jumanne na Ijumaa, anayegombana na wanaotupa nepi kwenye mtaro, na anayewaonyesha nyumba wageni wanaotafuta pa kukaa. Kwa hayo yote hupata mshahara mdogo na chumba kimoja kule chini kando ya tangi, ambacho halipii chochote.

Alifika hapo akitokea Kiriaini, akiwa na mimba ya miezi saba na mifuko miwili ya nguo, baada ya kuachwa na mtu ambaye hatutamtaja kwa sababu hastahili wino. Mzee Kahiga alimpa kazi siku hiyohiyo. Msimamizi aliyekuwapo alikuwa amelewa akaacha bomba wazi, maji yakaingia nyumba tatu, na mzee alikuwa tayari kumwajiri mtu yeyote ambaye hakunuka pombe.

Phyllis alikuwa tayari anaishi namba nne. Alikuwa mpishi katika shule moja ya bweni ya wasichana, mwanamke mpana, mwenye mikono iliyozoea mwiko mrefu kama mpini wa jembe. Siku Watiri alipojifungua, Phyllis ndiye aliyempikia uji wa kwanza. Mtoto alipoanza kutembea, Phyllis ndiye aliyemshika mkono asishuke ngazi wakati mama yake anapiga deki. Mtoto huyo, Wendy, alimwita "shosho", yaani nyanya, kabla hajaita mtu mwingine jina lolote, na hata alipoanza shule ya bweni, akifunga shule, begi lake alilipeleka kwanza namba nne. Watiri hana mama wala dada, na kwa Phyllis alipata wote wawili, ingawa hakuwahi kumwambia hivyo. Alimwita Mama Ngatia, kwa jina la mwanawe wa pekee, anayefanya kazi ya ulinzi huko Doldol na mwenye watoto watano wa kulisha.

Mzee Kahiga alikuwa na ugonjwa ambao wenye ploti wengi hawana: aliona aibu kumpandishia kodi mtu aliyemzoea. Kwa hiyo Phyllis, hata baada ya kustaafu, alibaki akilipa elfu sita na mia tano, wakati wapangaji wapya walikuwa wanaingia kwa saba na nusu. Mzee alipofariki, mwanawe Peterson, anayeishi Nairobi, akashika usukani kwa niaba ya ndugu zake watano. Mwaka wa kwanza hakugusa kitu.

Sasa kuna jambo la wasimamizi wa ploti ambalo lazima lielezwe, la sivyo kisa hiki hakitaeleweka. Hakuna msimamizi Ruring'u, au Kamakwa, au King'ong'o, anayemwambia mgeni bei yenyewe. Humwambia bei na elfu moja juu. Mgeni naye anajua kuna kitu juu, basi anaweka uso wa huzuni, anataja watoto, anataja karo, na msimamizi anakuna kichwa, anajifanya kumpigia mwenye ploti simu, kisha anaitoa ile elfu. Mgeni anaondoka ameshinda, na msimamizi ameonekana mtu wa utu. Inaitwa elfu ya kuongea. Hakuna anayeiita uongo, na hakuna anayeila. Ni adabu tu ya kupangishana, kama vile kumwambia mgeni akae anywe chai hata kama majani yamekwisha.

Januari iliyopita alikuja msichana mmoja amevaa viatu vyeupe, amebeba tableti. Matope ya Ruring'u yalikuwa yameshaanza kumfundisha adabu kuhusu viatu hivyo. Watiri alikuwa anaanika mop ukutani.

"Habari mum. Naitwa Anita, tunafanya research ya rent hapa Nyeri. One bedroom hapa inaenda ngapi?"

Watiri amesikia mengi. Kuna wanaosema wanamtafutia dada, kuna wanaosema wanapita tu, kuna mmoja aliyesema ametumwa na serikali, na wiki iliyofuata akahamia na godoro. Kwake yeye, mtu akiuliza bei anatafuta nyumba, basi.

"Niko na moja tu imebaki," alisema, na alikuwa nazo mbili.

"Sawa. Ngapi?"

"Hapo kwa Mutahi umeambiwa ngapi?"

"Tisa."

Mutahi ni msimamizi wa gorofa iliyo mkabala, mtu wa kujigamba, na maji kwake hayafiki gorofa ya juu hata ukiyabembeleza. Watiri alimjua vizuri: bei yake ilikuwa nane, na ile moja ni ya kuongea. Kwa hesabu ya kawaida yeye angesema nane na nusu. Lakini alitazama zile ngazi alizokuwa ameziosha kwa mikono yake asubuhi hiyo, na roho ikakataa awe chini ya Mutahi.

"Ati tisa? Na maji haifiki huko? Hapa ni tisa na nusu, na ni bei ya mama kwa mtoto."

Akangoja. Alikuwa ameshaandaa uso wa kuombwa. Lakini yule msichana hakuomba kitu. Aligusa kioo cha tableti mara mbili, akashukuru, akaenda zake kwa ploti ya pili akirukaruka madimbwi. Watiri alimwona wa ajabu kidogo, kisha akarudia mop yake na kumsahau.

Mwisho wa Machi Peterson alikuja na bahasha kumi na mbili. Si mtu mbaya, Peterson. Watiri alimjua akiwa mvulana wa kaptura anayeletwa na babake kuhesabu balbu. Lakini alikuwa amelipia ripoti kutoka ofisi moja ya mambo ya nyumba mjini, na ripoti ina karatasi nzuri, na karatasi nzuri humfanya mtu aone alichokuwa akikiogopa kuwa ni haki yake.

"Mama Wendy, utapeana hizi. Rent inakuwa tisa na nusu kwa kila mtu kuanzia June. Hiyo ndiyo market rate."

"Imetoka wapi, boss?"

Alimwonyesha. Ilikuwa orodha ya ploti zote za barabara ile, na kando ya kila ploti tarakimu. Kwa Mutahi, tisa. Gorofa ya bluu, tisa na mia tatu. Ploti ya Kahiga, tisa na mia tano. Watiri aliitambua kila moja. Alijua ni nani aliyeisema na ni kiasi gani kilikuwa cha kuongea. Ukurasa mzima ulikuwa sauti za watu wanaofagia ngazi, wakitia chumvi, na hapo chini mtu alikuwa amezijumlisha, akagawanya, akapiga mstari.

"Unaona hata wewe ulimwambia yule msichana wao ukweli," Peterson alisema, akimpongeza. "Mzee alikuwa anatupotezea pesa tu."

Hapo ndipo angesema. Kinywa kilikuwa wazi kabisa. Lakini alifikiria kile chumba cha kando ya tangi, na Wendy kidato cha tatu, na jinsi mwenye ploti anavyoweza kumwona msimamizi aliyekiri kwamba husema chochote kinachomjia kinywani. Akapokea bahasha.

Alianza gorofa ya juu kabisa akishuka, na namba nne aliiacha mwisho. Phyllis alikuwa ameketi mlangoni, anachambua maharagwe.

"Nisomee, Mama Wendy. Miwani yangu imevunjika mguu."

Watiri akasoma. Kulingana na utafiti wa soko la nyumba katika eneo hili. Shilingi elfu tisa na mia tano. Kuanzia tarehe mosi Juni. Alisoma kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la mazishi ya watu asiowajua.

Phyllis aliacha kuchambua. "Soko? Hawa watu wa soko walikuja lini kutuuliza?"

"Walikuja. January."

"Waliuliza wewe?"

"Waliuliza watu wengi," Watiri alijibu.

Lilikuwa jibu la kweli, na alijichukia alipolitoa. Phyllis alirudia maharagwe yake. Akasema, bila kumlaumu mtu, kwamba kwa pensheni yake na kile Ngatia anachotuma, hata sita na nusu alikuwa akiifikia kwa kuruka nyama. Kisha akauliza kama wataenda kumtembelea Wendy shuleni wikendi ile au ya baadaye.

Watiri aliamua kwamba atamwambia Peterson akija mwezi ujao. Mwezi ulipofika Peterson hakuja, alituma mtu wa matangi. Angeweza kupiga simu. Mara tatu aliitoa ile namba, na mara tatu aliona kuna ngazi ambazo hazijafagiwa. Tusimsingizie kwamba hakuwa na nafasi. Aliogopa, na woga wake aliubatiza jina la kusubiri wakati mzuri.

Huku nje mambo hayakumngoja. Mwenye gorofa ya bluu naye alikuwa ameinunua ile ripoti. Mwenye ploti ya Mutahi hakuinunua, lakini alisikia kwamba kwa Kahiga ni tisa na nusu, na hakuona kwa nini gorofa yake yenye balkoni iwe nyuma. Na wasimamizi, watu wa adabu, waliposikia bei mpya ni tisa na nusu, wakaweka elfu yao ya kuongea juu yake. Kufikia Mei mgeni akiuliza nyumba Ruring'u anaambiwa kumi na nusu, anaomba, anapunguziwa, analipa tisa na nusu, anaenda zake akifurahi. Walikuwa wanakuja, tena wengi: wanafunzi wa chuo kikuu waliokosa hosteli, makarani wa kaunti, watu wa Nairobi waliogundua kwamba tangu barabara kuu ipanuliwe hadi Marua wanaweza kulala Nyeri na kushinda kwingine.

Wapangaji wanne wa ploti ya Kahiga walifunga virago. Nyumba zao hazikukaa wazi hata wiki mbili. Watiri mwenyewe ndiye aliyezionyesha, kwa kumi na nusu, akashuka hadi tisa na nusu, akashukuriwa.

Jumamosi ya tatu ya Mei Peterson alikuja mwenyewe, akapanda juu ya paa kukagua mabati. Watiri alimfuata huko, akiwa amepiga moyo konde, aproni yake bado imelowa.

"Boss, ile tisa na nusu. Ile ya kwenye ripoti. Ni mimi nilisema."

"Najua ni wewe."

"Hapana, sikiza. Haikuwa bei. Ilikuwa elfu ya kuongea, na ingine nikaongeza juu ya Mutahi. Sikuwa nimewahi kupangisha hapa tisa na nusu. Hakuna mtu alikuwa amepangisha barabara hii yote. Ilikuwa uongo."

Peterson alijifuta mikono polepole. Hakukasirika, na Watiri alitamani angekasirika.

"Mama Wendy, hiyo ni January. Saa hii umepangisha ngapi kwa tisa na nusu?"

"Nne."

"Na Mutahi?"

"Mbili. Ama tatu."

"Wamelipa?"

"Wamelipa."

"Basi ilikuwa uongo," Peterson alisema. "Sasa si uongo tena."

Alitazama chini kwenye barabara, ambako gari la kuhamisha vitu lilikuwa linarudi nyuma kuingia ploti ya bluu. Kisha akasema jambo ambalo Watiri hulisikia mpaka leo akiwa anafagia.

"Ungeniambia ile siku nilikuletea barua, ningefikiria. Sijui ningefanya nini, lakini ningefikiria. Sasa nikiacha mmoja kwa sita na nusu, ndugu zangu wataniuliza mimi nakula nini katikati."

Watiri alimwombea Phyllis peke yake. Alimwomba hata kwa jina la babake, kitu ambacho hakuwahi kukifanya. Peterson alisema pole, na alionekana amemaanisha. Aliongeza kwamba kama Phyllis angetaka kukaa kwenye kile chumba cha Watiri, yeye hangeuliza maswali.

Phyllis alicheka alipoambiwa. "Chumba kimoja, na wewe, na Wendy akija alale wapi, juu ya tangi? Hapana, Mama Wendy. Nimelea watoto wa wenyewe miaka thelathini, sitaki kuzeekea kitandani mwa mtu." Akamwomba badala yake amsindikize Chaka kutafuta nyumba, kwa sababu alisikia huko bado kuna bei za binadamu, na kwa sababu Watiri anajua kuongea na wasimamizi.

Walienda Jumatatu. Watiri alikuwa bado hajamwambia. Alikuwa amemwambia mwenye ploti, mtu wa suruali ya kitambaa na gari, lakini kumwambia mwanamke aliyempikia uji kulikuwa kumemshinda.

Chaka kuna upepo wa Kieni ambao hauulizi umevaa nini. Siku hiyo mlima ulikuwa wazi wote mpaka juu, weupe wa theluji kidogo tu umebaki. Waliiona ploti moja nyuma ya soko: vyumba kumi vya mawe vilivyopangwa mstari, kila kimoja na jiko lake dogo, choo cha pamoja kule mwisho, na kiwanja cha mbele ambapo mtu angeweza kupanda mboga. Msimamizi alikuwa mzee mmoja, Gatimu, amevaa koti la jeshi la zamani na kofia ya sufu.

"Hii ni sita na nusu," Gatimu alisema.

Phyllis alishtuka. "Sita na nusu? Hiyo ndiyo nalipa Ruring'u, na huko niko na chumba na sebule na choo ndani!"

"Ulikuwa unalipa, mama. Ruring'u saa hii ni tisa na nusu. Ni market rate, iliandikwa kabisa. Watu wanahama huko wanakuja huku kila wiki, ndiyo maana na sisi tumepandisha. Hii mwaka jana ilikuwa nne."

Watiri alikuwa anatazama bawaba ya mlango. Neno lake lilikuwa limefika Chaka kabla yake, likaketi, likamsubiri.

Phyllis akaanza kuomba. Alifanya kama wageni wote wafanyavyo, na hakuwa mzoefu, kwa sababu alikuwa hajatafuta nyumba kwa zaidi ya miaka ishirini. Alitaja pensheni. Alitaja magoti. Alimtaja Ngatia na watoto watano. Gatimu alikuna kichwa kupitia kofia, akatoa simu, akasogea kando, akaongea kidogo na mtu ambaye Watiri alijua hakuwapo.

"Mwenyewe amekubali tano na nusu. Kwa sababu wewe ni mzazi."

Uso wa Phyllis ulifunguka wote. Alimshika yule mzee mkono kwa mikono yake miwili. "Asante, baba. Asante sana. Mungu akuzidishie."

Watiri hakuweza kuvumilia tena. Aliona kama ni yeye anayeshikwa mkono ule na kuombewa baraka zile. Gatimu alipoenda kuleta karatasi ya kusaini, walibaki wawili mlangoni mwa kile chumba kitupu, na akamwambia yote: viatu vyeupe, Mutahi, tisa na nusu, orodha, barua, zile wiki za kunyamaza. Hakujitetea. 

Phyllis alimsikiliza akiwa ameegemea fremu ya mlango. 

"Hii elfu ya kuongea," Phyllis alisema. "Huyu mzee sasa. Bei yake ni ngapi?"

"Tano na nusu. Ilikuwa tano na nusu tangu asubuhi."

"Na simu?"

"Hakukuwa na mtu kwa simu."

"Na mimi nimemwombea." Phyllis aliitazama mikono yake. "Sasa niambie. Kama ningekuja kwako leo, mgeni tu, hunijui, nyumba yangu ile namba nne ungeniambia ngapi?"

"Kumi na nusu."

"Halafu?"

"Ungeomba. Ningekupunguzia mpaka tisa na nusu."

"Ningeenda nyumbani nikikushukuru," Phyllis alisema. "Ungenitoza mara moja na nusu ya kile nalipa, na ningekushukuru, Watiri. Ningewaambia watu kanisani kuna mama mzuri huko Ruring'u."

Hakuwa amemwita Watiri kwa miaka mingi. Siku zote alikuwa Mama Wendy.

Gatimu alirudi na karatasi. Phyllis alisaini pale alipoonyeshwa, miwani yake yenye mguu mmoja ameishikilia kwa kidole, kisha akaingia ndani akaanza kupima kwa hatua mahali kitanda kitakapokaa. Watiri alibaki nje kwenye upepo. Alikuwa amefikiria sana jinsi atakavyosamehewa au atakavyotukanwa, na alikuwa amejiandaa kwa yote mawili. Hakupata hata moja.

Phyllis alihama tarehe ishirini na tisa Mei. Alikuwa na vitu vichache kuliko Watiri alivyodhani, na gari la kukodi halikujaa hata nusu. Watiri alibeba jiko la gesi, akabeba yale makopo ya rangi ambamo Phyllis alipanda dania na nyanya kwenye ngazi, akafagia nyumba mpaka kona ya nyuma ya mlango. Wapangaji wapya walipita wakisema pole bila kusimama. Phyllis alifunga mlango mwenyewe. Ufunguo aliuweka kwenye kiganja cha Watiri, akakikunja kile kiganja kwa vidole vyake, kama anavyomfanyia mtoto aliyetumwa dukani.

"Wendy akifunga shule, aje anione," alisema. "Mwambie Chaka ni nyuma ya soko."

 Gari lilipokata kona ya uwanja, Watiri aliketi kwenye ngazi ya chini akalia, mchana, mbele ya watu, na aproni yake akaifanya kitambaa.

Baada ya siku hiyo aliacha elfu ya kuongea. Hakutangaza, aliacha tu. Aliyekuja kuuliza namba nne alimwambia tisa na nusu, na alipoombwa kupunguza alisema hakuna cha kupunguza. Wa kwanza aliona ana roho ngumu, akaenda kwa Mutahi, akaambiwa kumi na nusu, akashuka hadi tisa na nusu, akalipa palepale. Watiri aliwaona wakipeana mikono. Wa pili vilevile. Wa tatu alimwambia usoni kwamba wasimamizi wa siku hizi hawana utu. Peterson alipiga simu mara mbili kuuliza kwa nini nyumba imelala. Watiri alimjibu kwamba itapata mtu, na jioni akaenda kuifagia tena ingawa haikuwa na vumbi.

Katikati ya Julai alikuja dada mmoja wa Nanyuki, Hodan, binti wa mfanyabiashara wa ng'ombe, aliyeajiriwa juzijuzi kuwa nesi mjini. Alikagua bomba, akafungua madirisha, akasimama pale sebuleni ambapo Wendy alijifunzia kutembea.

"Ni ngapi?"

"Tisa na nusu."

"Last price?"

"Ndiyo hiyo. Sijaongeza kitu."

Hodan alimtazama vizuri. Babake bila shaka alikuwa amemfundisha kwenye minada kwamba anayesema hajaongeza ndiye wa kuangaliwa. "Na aliyetoka alikuwa analipa ngapi?"

Kwa miaka kumi na saba hakuna mgeni aliyewahi kumuuliza Watiri swali hilo, na angeulizwa, angekuwa na jibu tamu tayari.

"Sita na nusu."

"Sasa mbona mimi nilipe tisa na nusu? Mmejenga nini? Hii rangi ni ileile."

"Hatujajenga kitu. Kuna mtu aliuliza bei na mimi nikadanganya. Wengine wakanifuata. Sasa imekuwa hivyo."

Hodan alingoja kicheko kifuate. Hakikufuata. Alitazama nje kwa dirisha zile gorofa nyingine, moja moja, akijua kwamba ameshaziuliza zote na zote ni bei ileile. Kazi ilikuwa inaanza Jumatatu. Alitoa simu akalipa, uso wake umefungwa, bila kutaja mtoto wala karo wala mzazi mgonjwa.

Watiri alimpa ufunguo. Hodan aliuchukua, akaingia ndani, akafunga mlango. Hakusema asante, na Watiri hakusimama kuisubiri.